Jinsi Margwe Alivyolainisha Viatu vya Binti Yake

Shemeji yangu Yohanes Margwe ni mtu ambaye ukimpa kitu kigumu hawezi kukiacha hivyo hivyo. Hapa Tumati, na hata kule Mogitu na Balangdalalu, mkulima anayetaka kamba ya nira isiyomkatikia katikati ya msimu anakuja kwake. Margwe anachukua ngozi ya ng'ombe iliyokauka kama bati, anailoweka, anaikwangua, anaipaka mafuta ya mkia wa kondoo, anaivuta, anaisokota, anaipiga kwa rungu, na baada ya siku chache unaweza kuitumia kubebea mtoto mchanga. Kauli yake ni moja, na ameisema mbele yangu mara nyingi mpaka imeniudhi: ngozi ngumu ni kazi ambayo fundi hakuimaliza.

Niseme mapema kwamba mimi na yeye tunagombana. Alimwoa mdogo wangu Letisia, na tangu siku ya mahari ananitania kwamba walimu hatuna kazi. Mimi namjibu kwamba mtu anayeshinda na ngozi hawezi kuelewa watu. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, sasa nimestaafu, kwa hiyo muda wa kumjibu ninao. Nyumba zetu zinatenganishwa na shamba la maharage tu, na maharage hayazuii sauti.

Sasa mtu huyu, kwa mipango ya Mungu, akapewa binti anayecheza baleti.

Kwa asiyeijua, baleti ni ngoma ya Wazungu. Mchezaji anasimama kwenye ncha za vidole vya miguu, anarusha mguu juu ya kichwa chake mwenyewe, na wakati wote huo uso unatakiwa uonekane kama hakuna kinachouma. Ilifika kwetu kupitia duka la mzee Abdulswamad pale Dongobesh, anayeuza mablanketi na vitenge. Binti yake Hadiya alilelewa na shangazi yake Nairobi, akasomea baleti tangu ana miaka saba, akaifanya kazi mpaka goti likamshinda. Aliporudi nyumbani kumwuguza mama yake, Bi Mwantumu, aliondoa marobota kwenye ghala la nyuma ya duka, akaweka kioo kikubwa kilichotoka kwenye saluni iliyofungwa, akatangaza kwamba anafundisha mabinti. Walijitokeza kumi na wanne. Walipogundua kwamba somo zima ni kukunja magoti na kuyanyoosha, wakabaki watano. Ambaye hakukosa hata siku moja alikuwa Violeth wa Margwe, wakati huo ana miaka kumi na miwili.

Mwanzoni Margwe hakujua ni kitu gani. Asubuhi moja ya ukungu alitoka kufungulia ng'ombe, akamkuta mtoto ameweka kisigino juu ya boriti la zizi, kifua kimelala juu ya goti, haongei. Akakimbia kwangu na mabuti yake akisema Violeth amenasa.

"Hajanasa," nilimwambia. "Anajinyoosha."

"Mwalimu, mguu uko huku na mtoto yuko kule."

"Ndivyo wanavyofanya."

"Na anayewafundisha amesomea?"

Nilimwambia amesoma kuliko sisi wote wawili. Akaondoka bila kuridhika, akaenda kumwita Patriki, yule mzee anayeunga mifupa, ili tu amtazame. Patriki alimtazama Violeth akishusha mguu na kupandisha mwingine, akasema katika maisha yake hajawahi kuona nyonga iliyolegea vizuri namna ile. Basi Margwe akatulia. Kuanzia siku hiyo alimsifu mtoto kila mahali, tena kwa lugha yake, kwamba ana nyonga kama ng'ombe mtamba wa daraja la kwanza. Mtoto wa kike wa darasa la sita anasifiwa hivyo mbele ya wenzake nje ya kanisa. Violeth aliacha kutembea naye Jumapili kwa miezi miwili.

Wazazi wa namna hii wanahitaji ushauri, na Hadiya aliliona hilo. Akatuita kikao pale ghalani, tukakaa juu ya marobota. Mimi nilikwenda kwa sababu Letisia hapendi kuongea kwenye vikao, na Margwe anapenda mno.

Hadiya ni binti mpole lakini hapepesi macho. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, kisha akaanza kutupasha. Mtoto anayefanya mazoezi mazito asinyimwe chakula, wala asiambiwe kanenepa au kakonda. Margwe alilielewa hilo kuliko yote. Jumamosi iliyofuata alimnywesha Violeth jagi zima la maziwa ya mgando kabla hajapanda bodaboda, na kwa maelezo ya Hadiya, mtoto aliporuka, darasa zima liliyasikia maziwa. Mzazi asisimame dirishani wakati wa somo. Margwe alisimama dirishani, akipiga hesabu ya hatua kwa fimbo yake ukutani, mpaka mzee Abdulswamad mwenyewe akatoka dukani na kumpa kiti upande wa pili wa jengo. Mtoto akiumia apumzike, na asiambiwe kwamba wenzake wanavumilia. Hapo kina mama tulitazamana, kwa maana sisi tulilelewa kwa sentensi hiyo.

Kisha Hadiya akasema jambo la mwisho. Vifaa vya mchezaji, hasa viatu, ni vyake mwenyewe. Asivifue mtu, asivishone mtu, asivianike mtu, mpaka amwulize mtoto kwanza.

Wakati anasema hayo Margwe hakuwepo. Nje alikuwa amepita mtu na maksai wawili, kamba ya nira imelegea upande mmoja, na Margwe hakuweza kuvumilia. Alitoka kwenda kuikaza. Niliahidi moyoni kwamba nitamwambia nyumbani. Tukarudi tukibishana kuhusu maziwa, nikasahau. Hilo ni langu, na nalisema.

Mwaka huu Violeth akafika miaka kumi na mitano, na ikaja habari kwamba shule moja ya ngoma kutoka Nairobi inatuma walimu Arusha kuchagua vijana. Atakayechaguliwa atasoma huko Nairobi, masomo ya kawaida asubuhi na baleti mchana, kwa gharama zao. Hadiya alisema katika wanafunzi wake wote anampeleka mmoja. Violeth alikuja kwangu kuniambia, akakaa jikoni kwangu akimenya viazi ambavyo sikumwomba amenye.

"Mama mkubwa, nisipopita hii sijui nitafanya nini."

"Utamaliza shule kama wengine."

"Na nitakuwa nafanya nini na miguu yangu?"

Niliangalia miguu yenyewe. Vidole vilikuwa na sugu kama vya mtu aliyechimba mitaro. Nilimpenda sana saa ile, na nikamwambia aache viazi akalale mapema.

Margwe naye alikuwa na lake. Kaka wawili wa Violeth walishaondoka, mmoja yuko Katesh na mwingine Babati, na wanapiga simu wakihitaji kitu. Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa anamshikia ngozi upande wa pili akiivuta. Hakusema waziwazi kwamba hataki aende. Alisema kwa mzaha, na mzaha wake ndio uliomponza. Kwenye jumuiya, baada ya sala, katekista Onesphory alimpongeza kwa safari ya binti, naye akajibu mbele ya kaya kumi na moja, "Hiyo safari ikiharibika nitachinja kondoo, mje mle." Watu wakacheka. Letisia hakucheka.

Wiki ya safari viatu vikafika. Barua ya wale walimu ilitaka wenye umri wa Violeth waje na viatu vya kusimamia vidole, na Hadiya alikuwa ameviagiza Nairobi kwa vipimo vya miguu yake. Jozi moja. Vilikuwa vya rangi ya ngozi ya mtoto wa Kizungu, vinang'aa, nyayo za ngozi, na mbele pagumu kama mti. Ugumu huo ndio kazi yake. Wanabandika vitambaa na gundi, tabaka juu ya tabaka, ili mchezaji akisimama juu ya vidole kiatu kimshike. Violeth aliviweka juu ya kabati, akavishonea riboni Jumanne jioni, na Jumatano akaenda shule.

Letisia alikuwa mnadani. Margwe alibaki peke yake na kabati.

Mimi nilipofika saa nane kurudisha ungo, nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda chake, ndoo ya maji mbele yake. Pembeni kulikuwa na kondoo aliyechinjwa, amening'inizwa, mkia umeshakatwa. Mikononi alikuwa na kitu cha rangi ya uji, anakisokota.

"Shemeji," nikasema, "hicho ni nini?"

"Viatu vya mtoto. Nilivishika, mbele pagumu kama jiwe. Aliyevitengeneza hakumaliza kazi. Mtoto akisimama humo atavunjika vidole." Akanyoosha kimoja nikione. Kilining'inia kama soksi. "Kondoo nimechinja kwa ajili ya mafuta. Sikutaka kuvipaka mafuta ya zamani."

Nilikaa chini. Nilipomweleza gundi ni ya nini, akavitia viatu kwapani kana kwamba bado vinaweza kuumia.

Tatizo halikuwa viatu tu. Tatizo lilikuwa kondoo. Kabla jua halijashuka, watoto wa jirani walishaona mnyama amening'inia, wakasema nyumbani, na nyumbani wakaunganisha na yale maneno ya jumuiya. Violeth aliporudi kutoka shule, katekista Onesphory na mkewe walikuwa wamesimama uani na bakuli, wakiuliza kwa sauti ya chini kama safari imeshaharibika.

Violeth alivitazama viatu. Akamtazama kondoo. Hakulia. Alimwuliza baba yake swali moja tu, "Ulifanya makusudi?" na Margwe akasema hapana, naye akaingia ndani. Letisia aliporudi na kuambiwa, alimfukuza katekista na bakuli lake, akamwambia mumewe kwamba nyama hiyo ataila peke yake mpaka imalizike. Nyama ya kondoo mzima. Alhamisi nzima tulimwona akitafuna.

Lazima niseme alijaribu kurekebisha. Alichemsha mabaki ya ngozi kutwa nzima akapata gundi ile ya wazee, akaimimina ndani ya viatu, akavikausha pembeni ya moto akivigeuza kama mahindi. Ijumaa asubuhi alimpelekea Hadiya mwenyewe Dongobesh. Hadiya alikigonga kimoja mezani na meza ikaingia kovu. Akasema kwa heshima zote, "Baba, hivi sasa unaweza kutwangia kahawa." Harufu yake sitaielezea. Bi Mwantumu aliyekuwa kitandani chumba cha pili aliuliza nani kaleta supu.

Ikaamuliwa Violeth aende na vile viatu vyake laini vya mazoezi, na liwalo liwe. Jumamosi alfajiri tulikwenda Hadiya, Violeth na mimi. Margwe aliambiwa na mkewe abaki. Tulipofika Arusha na kushuka, naye akashuka kwenye gari lililofuata, amevaa koti lake la kanisani na mabuti. Violeth alimpa shikamoo kwa sababu ni lazima, kisha akatangulia mbele.

Ukumbi ulikuwa na watoto kama thelathini, wengi wa shule za mjini, nywele zimebanwa sawasawa, mama zao wamebeba chupa za maji zenye namba zinazoonyesha umekunywa kiasi gani. Wazazi tulikaa kwenye korido. Joto lilikuwa kali, mlango ukaachwa wazi, tukawa tunasikia kila kitu. Waamuzi walikuwa wawili, mama mmoja mrefu mwenye mvi na kijana mwenye miwani. Margwe alikaa kando yangu, kofia magotini, akinusa mikono yake mara kwa mara. Bado ilikuwa na harufu.

Ilipofika zamu ya Violeth, yule mama akasema kwa Kiswahili cha Nairobi, "Wewe viatu vyako vya vidole viko wapi?"

Margwe akaacha kunusa mikono yake. Kwa siku tatu binti yake hakuwa amemwambia zaidi ya shikamoo na karibu chakula, na yeye kwa siku tatu hakutaka kujua kitu kingine duniani isipokuwa kama mtoto amemwamini.

"Vimeharibika," Violeth alisema. "Baba yangu ni fundi wa ngozi. Aliona ni vigumu akaogopa vitaniumiza, akavilainisha. Kwetu kitu kigumu hakivaliwi mpaka kilainishwe. Hakujua. Alichinja kondoo ili apate mafuta mazuri."

Yule kijana alicheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka. Aliuliza, "Ungekuwa navyo ungefanya vizuri zaidi?"

"Ndiyo."

"Basi tuonyeshe bila."

Muziki ukaanza. Sisi wa korido hatukuona, tulisikia miguu tu, na miguu ya Violeth ilikuwa haisikiki. Watoto waliotangulia tulisikia wakitua. Huyu ulisikia muziki, halafu pumzi yake, halafu muziki. Hadiya aliyesimama mlangoni alikuwa ameshika goti lake bovu kwa mikono miwili. Mama mmoja wa chupa za namba aliacha kunywa. Margwe alikuwa anatazama chini, machozi yanadondokea kofia, na mimi nilimwacha. Nilikuwa na hasira naye bado, lakini si ya kuitumia saa hiyo.

Alasiri wakasoma majina matano. La Violeth Yohanes lilikuwa la nne. Mama mwenye mvi alimwambia Hadiya kwamba viatu wanavyo wenyewe, vya kila saizi, wanachotafuta ni miguu. Januari aripoti Nairobi. Violeth alimkumbatia Hadiya, akanikumbatia mimi, kisha akasimama mbele ya baba yake, akampa mkono kama watu wanaopongezana kwenye harusi. Margwe aliupokea kwa mikono miwili.

Njiani kurudi hakusema neno. Mtu anayeongea na madereva, na polisi, na mbuzi wa watu, kimya kutoka Arusha hadi Mbulu. Nilidhani ni furaha imemzidi. Nilidhani sasa mambo yameisha, mtoto amemsafisha mbele za watu, hata Letisia atamruhusu kula na wengine.

Jumatatu asubuhi nilikwenda na jagi langu kuchukua maziwa. Margwe alikuwa anakamua. Violeth alikuwa amemshika ndama kwa kamba, hajavaa kiatu, matope hadi kwenye vifundo. Waliniona, lakini hawakujali, kwetu mama mkubwa hafichwi.

"Violeth," Margwe alisema bila kugeuka, "kule uliwaambia sikujua."

"Ndiyo, baba."

"Nilipovitia kwenye maji, mwanzoni sikujua. Kweli. Halafu nikaona maji yanakuwa meupe, nikaona gundi inatoka. Mimi gundi naijua. Nilikuwa na muda wa kuvitoa." Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. "Sikuvitoa. Nilikaa nikaangalia."

Mimi nililiweka jagi langu chini.

"Najua, baba," Violeth alisema.

"Unajua nini?"

"Tangu nizaliwe sijawahi kuona umesahau kitu kwenye maji. Nilijua Jumatano ile ile." Alimvuta ndama nyuma kidogo. "Lakini wale ni wageni. Ya kwetu nisingewaambia."

Ng'ombe alibadilisha mguu, naye Margwe akamsogeza binti yake kando kwa kiwiko, taratibu, asije akakanyagwa.